Masomo Mawili Yaliyopungua

Ukimpelekea Mwalimu karatasi, haipokei. Anaweka mikono nyuma kama mtu aliyeonyeshwa nyoka, anakuambia, "Soma mwenyewe kwanza." Hata kama ni barua ya serikali, hata kama umetoka Ingleburn, upande wa pili wa jiji hili la ugenini, mpaka Bankstown mvua ikikunyeshea njia nzima, utakaa kwenye kiti cha maktaba usome kwa sauti, neno kwa neno. Ukifika mahali usipopajua, hakusaidii. Anakungoja tu, macho yametulia juu yako, mpaka jasho likutoke. Ukimaliza ndipo anaichukua, anaivutia karibu na pua, na hapo kazi inaanza.

Mimi karatasi zangu sikumpelekea hata siku moja. Niseme hilo mapema, maana mengine yote yalianzia hapo.

Tunamwita Mwalimu, basi. Sisi Warundi tuliotoka kambini Tanzania, Wakenya tunaosali nao, na Wakongo kadhaa, wote tunamwita hivyo, na sidhani kama nusu yetu tunalijua jina lake. Kazi inayomlisha ni kusukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali moja huko Westmead, kutoka wodini hadi chumba cha picha, na kutoka chumba cha picha hadi wodini. Kazi anayoipenda ni ya Jumamosi asubuhi, pale maktaba ya Bankstown, meza ya dirishani, ambapo watoto wetu humfuata na mambo yao ya chuo: fomu, barua, tarehe za mwisho, sheria za masomo. Kitabu cha taratibu cha chuo anachosomea binti yangu, Mwalimu alikuwa amekichapisha chote na kukishona kwa uzi wa kushonea magunia. Alikijua kuliko wenyewe waliokiandika.

Na mimi nijieleze, maana picha ya mtu huchorwa na mtu. Nilifika nchi hii na watoto wawili, mke mmoja na mfuko mmoja. Nilianza kusafisha ofisi kwa ndoo niliyoazima. Leo nina magari saba yenye jina langu ubavuni, yadi yangu mwenyewe ya kuyaegesha Ingleburn, na wafanyakazi ishirini na tatu, wengine wana digrii zao, na anayewapa kazi ni mimi, darasa la nne. Sisemi kwa kujisifu. Ama basi, nasema kwa kujisifu, kwani nani alinishika mkono? Ila habari hii si ya sifa.

Hilo darasa la nne alinifundisha yeye. Kambini hakukuwa na kalamu nyekundu, alisahihisha kwa kipande cha mkaa, na daftari lenye makosa mengi lilikupaka mikono mpaka mama yako akajua kabla hujafika mlangoni. Nilipoacha shule nikauze sabuni za vipande sokoni, alikuja kusimama mbele ya meza yangu. Hakununua. Hakunigombeza. Alinieleza somo la siku ile, tangu mwanzo hadi mwisho, wateja wakisikiliza, kisha akaenda zake. Kesho yake akaja tena na somo la kesho yake. Siku ya tatu nikahamisha meza.

Nimemjua miaka yote hiyo na bado sijamwelewa. Ni mtu wa saa; ukichelewa dakika tano humkuti. Lakini yeye mwenyewe huachwa na basi kila wiki, kwa sababu hawezi kumpita mtu bila kumuuliza habari za watu wa nyumbani mmoja mmoja. Viatu vyake vinang'aa hata chini ya sare ya hospitali, na soksi zimetoboka. Wagonjwa waliokaribia kufa anawasukuma akiwaimbia polepole, na wauguzi wa Kikenya wanasema wapo wazee wa Kizungu wanaomuulizia kwa wimbo wake. Ila yeye akiumwa jino, haendi kwa daktari mpaka shavu livimbe. Ngazi za umeme za lile jengo la maduka pale Bankstown anaziogopa. Atazunguka jengo zima kutafuta mteremko wa mikokoteni.

Na yeye anayewalazimisha wengine kuuliza, mwenyewe haombi kitu. Siku moja nilimkuta anatoka stesheni amebeba godoro begani, godoro zima, jua la Januari. Nikasimamisha gari, nikafungua mlango wa nyuma, nikamwambia Mwalimu leta huku. Akanitazama kutoka chini ya godoro.

"Nani amekuita?"

Nikafunga mlango. Nikamfuata polepole kwa gari mpaka kwake, taa za tahadhari zikiwaka, watu wakipiga honi nyuma yangu. Alipofika akaniaga vizuri kabisa, akanikaribisha chai.

Alikuwa na msemo mmoja aliowatwanga nao watoto: mtu haulizwi anajua nini, anaulizwa amejuaje. Mtoto akisema, "Nimesikia somo hili si lazima," Mwalimu anauliza umesikia kwa nani. Kwa rafiki. Rafiki amejuaje? Na kadhalika, mpaka mtoto anyanyuke akaulize ofisini. Mimi msemo huo niliuona wa watu wasio na kazi. Katika biashara ukingoja kujua umejuaje, tenda imekwenda kwa mwingine.

Sasa Odeta. Huyo ni binti yangu mkubwa, wa kwanza katika ukoo wangu kukanyaga chuo kikuu. Nilitaka asome uhasibu, kampuni ina haja. Yeye alitaka uchumi. Tukabishana miezi, mimi kwa Kiswahili, yeye kwa Kiingereza, kama kawaida ya nyumba zetu huku, mpaka akaja na habari kwamba chuo kinaruhusu fani mbili kwa pamoja katika shahada moja. Nikafurahi kama niliyebuni mimi. Nilitangaza kazini, nilitangaza kanisani: binti yangu anachukua mbili. Wenu wanachukua ngapi?

Jumamosi moja nilimpeleka Odeta maktaba, nikasimama pembeni nikichezea funguo za gari. Mwalimu akamsomesha sheria yote kwa sauti, kisha akatoa mfukoni kopo la maharage na visahani viwili. Ndivyo alivyofundisha. Kila fani ni kisahani, kila somo ni punje. Kila kisahani kinataka punje nane. Yapo masomo manne yaliyotajwa kwenye fani zote mbili, takwimu na mengine matatu. Akavigusanisha visahani, akaweka punje mbili pale kingo zinapokutana.

"Hizi mbili zinahesabiwa huku na huku," akasema. "Mbili tu. Kitabu hakikubali ya tatu. Hayo mawili mengine ya pamoja yakae upande mmoja, na upande wa pili utafute mengine ya kujaza pengo. Kwa hiyo jumla ni ngapi?"

"Kumi na nne," Odeta akajibu, kwa Kiswahili, maana kwa Mwalimu hakuthubutu kujibu kwa lugha nyingine.

Mimi nikacheka pale pembeni. Nikasema masomo manne yako huku na yako kule, basi manne yote yahesabiwe mara mbili, jumla kumi na mbili, hesabu gani hiyo ya kusoma zaidi? Mfanyakazi wangu akisafisha kioo, kioo kimesafishwa ndani na nje. Odeta akainamisha macho. Mwalimu akakusanya maharage yake moja moja.

Mwaka wa mwisho, muhula wa mwisho, nikapata nafasi ya kuomba tenda ya majengo matatu makubwa. Karatasi zake zilikuwa nyingi, kwa Kiingereza cha mawakili. Sikuweza kuzisoma. Huo ndio ukweli, na sijawahi kuusema hata kwa mke wangu, ingawa nadhani anaujua. Nilimhitaji Odeta ofisini siku mbili kila wiki. Alikuwa amejiandikisha masomo manne, na mawili kati yake ndiyo hasa ya kujaza lile pengo. Nikamwambia ayaache. Akasema, Baba, Mwalimu alihesabu kumi na nne.

Hapo ndipo niliposema. Nilimwambia nimepiga simu chuoni. Nilimwambia nimezungumza na mkubwa wao, naye amesema masomo yote manne yanahesabiwa pande zote mbili, kitabu cha Mwalimu ni cha zamani.

Sikupiga simu. Namba nilikuwa nayo, Odeta mwenyewe aliniandikia. Nilikaa kwenye gari nikaitazama. Niliogopa yule mtu wa upande wa pili ataniuliza kitu kwa haraka, nami nitasema "yes, yes" kama ninavyosema siku zote, na nitakata simu sijui kitu. Nikaona heri niseme tu. Kwani si akili ya kawaida? Nilikuwa na hakika. Uongo wenyewe niliuona mdogo, kama kumwambia mteja gari liko njiani wakati bado linatiwa mafuta.

Odeta aliniamini. Mtoto wa miaka ishirini na mbili, ana akili kuliko mimi, akaniamini kwa kuwa mimi ni baba yake. Akayaacha yale mawili.

Wiki ileile Mwalimu, aliyesikia kwa Odeta habari ya simu yangu, akaja yadi Ingleburn. Hakuwahi kufika kule. Alikuja kwa treni akatembea kutoka stesheni, kupita maghala yote yale, kwa viatu vyake vinavyong'aa. Wafanyakazi wangu walikuwa wanapakia mashine. Hakunipeleka pembeni, na nadhani hakujua kama palikuwa na haja. Akanisalimia, akauliza habari za Mama Odeta, za mdogo wake Odeta, za mama yangu mzazi. Kisha akaniuliza nilizungumza na nani chuoni.

Nikasema na mkubwa wao.

"Anaitwa nani?"

Nikawageukia vijana, nikawaambia waharakishe kupakia.

"Mimi nilipiga jana," akasema. "Nilipokelewa na dada mmoja. Nikamsomea ukurasa, naye akaufungua kwake. Ni mawili tu, Baba Odeta. Mwisho wa kuyarudisha masomo ni Ijumaa. Bado kuna siku tatu."

Ningeweza kusema asante. Siku tatu zilikuwa zinatosha kabisa. Lakini vijana walikuwa wameacha kupakia, wanatazama, na mmoja wao, wa digrii, alikuwa anatabasamu. Nikasema maneno ambayo nikiyakumbuka naendesha gari huwa nazungumza peke yangu ili nisiyasikie. Nilisema, "Wewe maisha yako yote umehesabu maharage, na mpaka leo unasukuma vitanda. Mimi sikuhesabu, nina magari saba. Nani amfundishe nani?"

Akasikiliza mpaka mwisho, kama alivyosikiliza watoto wakisoma. Akaaga. Akauliza tena stesheni iko upande gani, kijana mmoja akamwonyesha. Magari saba yalikuwa pale, na hakuna hata moja lililompeleka.

Tenda tulipata. Niliandaa sherehe ya kuhitimu kabla ya matokeo, maana huku kwetu ukingoja matokeo, ukumbi mzuri umekwisha chukuliwa. Nikashika ukumbi Bankstown. Nikaagiza kitenge kimoja kwa familia nzima, shangazi zake hata walioko nchi nyingine wakashonewa. Nikamwomba mchungaji atangaze Jumapili tatu mfululizo, fani zote mbili zitajwe kwa majina yake.

Halafu ikaja barua. Odeta aliisoma jikoni, akaniwekea mezani, akasimama. Shahada ingetoka, kwa kuwa alikuwa amesoma masomo ya ziada likizo za kiangazi. Lakini fani moja tu, uhasibu. Fani ya uchumi imepungukiwa masomo mawili. Fani yake yeye ndiyo iliyopungua, yangu ilikuwa imejaa. Aliniuliza kwa sauti ndogo yule mkubwa niliyezungumza naye alisema nini hasa. Nikamwambia watu wa ofisi hubadilisha maneno. Akasema hatachukua nusu. Atarudi muhula mmoja, amalize yote. Sherehe ikafa pale pale.

Jumapili ikabidi nieleze. Watu walikwisha shona nguo. Nikasimama wakati wa matangazo, nikashika kipaza sauti, na kusema kweli nilisimama sijui nitasema nini. Nikasikia mdomo wangu unasema tumepotoshwa. Kwamba tulimwamini mtu wetu mmoja anayejulikana kwa mambo ya chuo, akatuhesabia vibaya, na mtoto ameumia. Sikutaja jina. Kanisa zima likageuza shingo.

Mwalimu alikuwa benchi la tatu kutoka nyuma. Akasimama. Nilijua sasa nimekwisha. Odeta alikuwa anamtazama, midomo imefunguka kidogo.

"Mtoto huyu alipita mezani kwangu," akasema. "Lawama iwekeni kwangu. Naomba radhi kwa familia."

Akakaa. Mchungaji akasema tusameheane, tukaimba.

Odeta hakuimba. Alinitazama mimi, na nilipoyaona yale macho nilijua ameelewa kila kitu, hata simu. Wiki mbili baadaye alihamia chumba cha kupanga na wasichana wauguzi, Westmead. Mama yake alimpelekea vyombo. Mimi nilisema nina kazi.

Na meza ya dirishani ikabaki tupu. Si siku moja. Ilikuwa polepole, kama dukani watu wakisikia nyama imelala. Mama mmoja wa Kikenya alisema mbele yangu kwamba mwanawe anasomea famasia, hawezi kumpeleka kwa mzee asiyejua hata kujumlisha, na mimi nikaitikia kwa kichwa. Nilipita nje ya maktaba Jumamosi kadhaa, nikasimamisha gari ng'ambo. Mwalimu alikuwapo, saa ileile, kitabu chake kilichoshonwa mbele yake, anatazama mlango. Saa sita anainuka, anaingiza kiti chini ya meza, anaondoka. Nilihesabu miezi mitano.

Odeta alimaliza masomo yake yale mawili. Siku ya kuvaa joho chuo kilimpa tiketi mbili za wageni. Moja alimpa mama yake. Nyingine alimpa Mwalimu. Niliambiwa na mke wangu huku akipiga pasi kile kitenge, hakuniangalia. Nikasema nitawaendesha, basi. Mimi ndiye mwenye gari.

Nikakaa kwenye maegesho ya chuo, saa mbili na nusu. Nilisikia makofi kwa mbali, sikujua yapi ni yake.

Wakati wa kurudi Odeta na mama yake walibaki kupiga picha, Mwalimu akaja kungoja garini. Suti yake ilikuwa ya zamani, pana mabegani. Nikaona nikingoja zaidi sitasema kamwe. Nikamwambia yote: simu, yadi, kanisa. Nilizungumza nikitazama usukani. Nilipomaliza akafungua kioo kidogo.

"Unaniletea habari yangu mwenyewe," akasema. "Mimi nilijua siku ile yadi. Na sehemu yangu ninayo: nilijua na sikumwambia mtoto. Niliona siwezi kumpita baba aliye hai. Nilikosea, ndiyo maana nilisimama. Lakini ya kwako mimi siihitaji. Wapelekee wasioijua."

Jumapili iliyofuata nikasimama. Mwalimu alikuwa zamu hospitali; Odeta alikuwapo, upande wa wanakwaya. Nikasema Mwalimu hakukosea hesabu. Alihesabu sawasawa tangu siku ya kwanza, aliyekosea ni mimi, darasa la nne, nilidhani manne yote yanahesabiwa mara mbili, nikamshauri mtoto vibaya, nikamtupia mzee wetu lawama. Watu wakasema amina. Wengine wakaja kunishika mkono, wakasema si wengi wangeweza, huo ndio uanaume. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kujisikia vizuri. Nilipotoka nje kifua kilikuwa kimenyanyuka kama siku ya gari la kwanza. Odeta alinipita mlangoni akasalimia kwa heshima, akaenda kupanda treni.

Jumamosi nikaenda maktaba. Safari hii niliingia ndani. Watoto watatu walikuwa wamekwisha rudi, yule wa famasia mmojawapo, na nikapanga foleni nyuma yao, mimi nisiyepanga foleni popote. Zamu yangu ilipofika nikakaa kwenye kile kiti. Ni kifupi kuliko kinavyoonekana. Mwalimu akaniuliza habari za nyumbani, mmoja mmoja. Kisha akasema amesikia nilisimama, wauguzi wamemsimulia wote, kila mmoja na yake, na kwamba nilisema vizuri.

Nikasema nimejitahidi.

"Na simu?" akauliza. "Uliisema?"

Nje dirishani basi lake lilikuwa linasimama. Watu wakapanda, likaondoka.

"Nilisema nilikosea," nikajibu.

"Hilo nimelisikia. Nimeuliza simu."

"Sikuisema, Mwalimu."

Akaitikia kwa kichwa, bila hasira yoyote, akanyoosha mkono juu ya bega langu kumwita mtoto aliyekuwa nyuma yangu.

"Basi bado hujamaliza," akasema.